Ombi la Kuwatambua Mbwa wa Nyika Kuwa Mji

Kwa Mwenyekiti, Bwana Merle Tveit,
Bodi ya Magugu na Wanyama Waharibifu,
Wilaya ya Stoneboat, Dakota Kusini.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Natumaini barua hii itakukuta umeshakunywa kahawa, maana kabla ya kahawa wanasema huambiliki. Mimi ni Tessa Vopat, mke wa Clint, wa ile nyumba ndogo iliyo kwenye uzio wa baba mkwe wangu, Orville. Shule sikufika mbali, kwa hiyo nikikosea nisahihishe, ila usinipuuze.

Ijumaa vijana wako walikuja wakamwaga oti, ile nafaka ya uji, kwenye mashimo ya mbwa wa nyika nyuma ya nyumba yetu. Clint akawauliza, "Jamani, mnawalisha?" Mmoja akamjibu, "Hizi za leo safi, kaka, wazoee kwanza. Zenye sumu ni Jumatatu." Akasema hivyo huku anatabasamu, kama anatangaza harusi. Nina malalamiko yafuatayo.

1. Jina. Mnyama huyu ni jamaa ya kindi, mnene kama mkate, anakula majani na kulala chini ya ardhi. Tumemwita mbwa kwa sababu tu anabweka. Orville, ambaye ndiye aliyewashitaki kwenu, anabweka kuwapita wote, na bado tunamwita baba.

2. Oti. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakusema mpe sumu. Tena hawa jembe wanalo tayari, liko kwenye vidole. Halafu binti yangu Josie anakula uji wa oti kila asubuhi, na kila anachokiokota chini kinaingia mdomoni. Hajui kutofautisha oti zangu na zenu. Mimi mwenyewe sijui.

3. Majani. Mnasema wanayamaliza. Nendeni mkawaone ng'ombe wa Orville jioni, wamejipanga kwenye uzio, shingo zimepita katikati ya waya, wanayatamani majani machanga yanayochipua pale mbwa wa nyika walipokata. Nilimwonyesha. Akaniambia, "Mama Josie, ng'ombe hana akili." Sasa kama hana akili, mbona tunaharibu nyika nzima kwa ajili yake?

4. Mashimo. Mnasema farasi atavunjika mguu. Gari la Orville lilizama kwenye shimo la barabara ya wilaya mbele ya kanisa, tukalitoa kwa trekta na zaburi. Sijasikia idara ya barabara imewekewa oti.

5. Hili la tano nakuomba usicheke. Josie alichelewa kusimama. Wenzake wote kanisani walikuwa wanakimbia, yeye amekaa kama gunia la viazi, na mimi nalia bafuni. Daktari akasema tumpe muda. Siku moja nimemweka kwenye blanketi nje. Mbwa wa nyika mmoja akasimama kwa miguu ya nyuma, akarusha mikono juu, akapiga yowe, akaanguka chali. Jirani yake akafanya vilevile, likaenea mpaka mwisho wa bonde. Josie akashika kiti changu. Akasimama. Akarusha mikono, akapiga yowe, akaanguka chali, akacheka. Tangu hapo wakisimama anasimama. Jumatatu wakifa, Jumanne atasimama kwa ajili ya nani?

6. Kwa hiyo naomba Bodi iwatambue kuwa mji. Kanuni yenu iliyobandikwa pale duka la nafaka inakataza kumwaga sumu ndani ya mipaka ya mji, na hawa sifa wanazo kutushinda. Wana mitaa. Wana walinzi wasiolala zamuni. Wakikutana wanabusiana mdomoni, jambo ambalo Walutheri wa huku hatujalifikia. Wana wapangaji: bundi, sungura, na nyoka ambaye kodi halipi ila hakuna wa kumdai. Viroboto waliwaletea tauni ikafagia nusu yao, wakazika wafu wao. Wakaja wageni wenye bunduki, wakawapiga kwa mchezo huku wamekaa vitini na vinywaji baridi, na waliobaki wakaendelea kulea. Meya pia yupo, yule mnene mwenye sikio lililochanika. Anapigia kelele kila kitu na hafanyi lolote, kwa hiyo ana uzoefu.

Naomba kibao cha mji kisimikwe kabla ya Jumatatu.

Nisalimie Mama Tveit, karani wako, na wajumbe wote wa Bodi, hata yule anayelala kwenye vikao. Nyumbani hatujambo, tunangoja jibu kwa moyo mweupe.

Wako mtiifu,
Tessa Vopat

Nyongeza: Mama mkwe wangu Darlene ameisoma barua akiwa anamenya viazi, akaniambia, "Mwanangu, usiwafanyie hivyo. Tangu niolewe huku, kila mji uliopewa kibao kwenye barabara hii umekufa. Kilichobaki ni kibao. Hao wako hapa tangu kabla ya babu zetu kwa sababu hakuna aliyewatambua." Nimeona amesema kweli, kwa hiyo ombi langu nalifuta lote. Tafadhali msiwatambue kabisa. Andikeni mlifika mkakuta hapana mtu. Na yale mashitaka ya Orville yameondolewa kuanzia leo. Mwenyewe bado hajaarifiwa. Darlene atamwambia wakati wa chakula.