Jinsi Verlyn Stokke Alivyoivamia Kata ya Tillmann

Sogeeni, enyi wapenda habari za vishindo! Wenye kahawa na waiweke chini, wenye kusinzia na waamshwe, kwani nitasimulia vita ambavyo havikumwaga tone la damu, ila mchuzi kidogo kwenye kiti cha gari. Nawe kumbukumbu usinitupe mkono, maana hapa kwetu Marekani, kaunti ya Brandt, watu husahau upesi kila jambo lisilohusu bei ya mahindi.

Jueni kwanza jinsi dunia ilivyogawanywa. Mashariki ya mto walikaa Walutheri, uzao wa Wanorwe, watu wa maneno machache na kahawa nyingi. Magharibi, kata ya Tillmann, walikaa Wakatoliki, uzao wa Wajerumani, watu wa familia kubwa na bia baridi. Ziwani walikaa wastaafu waliotoka mjini, ambao kura za mchujo wa chama huwakuta wangali Florida wakiota jua. Mashariki walimchagua mwenye jina la mashariki, magharibi wakamchagua wa magharibi, na magharibi walizaa zaidi. Wataalamu walikuja na kompyuta zao kutabiri matokeo, ilhali yeyote aliyesoma majina kwenye makaburi ya makanisa mawili alikuwa ameshayajua.

Mwaka huo waliowania tiketi ya chama ya ugavana walikuwa Halvorson na Kuhlmann, na sina haja ya kuwaambia yupi alikuwa wa wapi. Jemadari wa Halvorson katika kaunti yetu alikuwa Verlyn Stokke, simba wa mashariki, mfuga nguruwe mstaafu, mwenye goti bovu na moyo usiojua kurudi nyuma. Aliongoza kampeni za upande wetu tangu nywele zake zikiwa za dhahabu, na muda wote huo Tillmann haikuwahi kumpa mtu wake hata kura moja. Shemeji yake Duane, aliyekimezea mate kiti chake cha uenyekiti wa kamati ya kampeni kwa miaka, alimkabili mbele ya kamati nzima.

"Shemeji, tuseme ukweli," akasema. "Kule Tillmann hata mbwa hawakubwekei tena. Wamekuzoea. Wanajua unapita tu."

Verlyn akasimama kwa kushikilia meza. "Nitaleta kura moja ya Tillmann isiyo ya Kuhlmann. Moja tu. Nikishindwa, kiti chako."

Nilikuwapo, nikayasikia kwa masikio yangu. Tangu auze nguruwe wake hakuwa na kitu kingine cha kumtoa kitandani asubuhi, na sote tulilijua hilo, Duane akiwamo.

Basi Ijumaa iliyotangulia uchaguzi shujaa akajitwalia silaha. Mkewe Arlys, malkia wa majiko, alimwokea sinia la nyama ya kusaga, viazi na jibini, maana kwetu hakuna aombaye kura mikono mitupu. Likafungwa mkanda kwenye kiti cha mbele cha pikapu. Akavuka mto. Akaingia ukumbi wa parokia ya Mtakatifu Bonifasi, uliokuwa umefurika watu, akaliinua sinia juu kama ngao, akalifunua.

Ilikuwa Ijumaa ya Kwaresima, na kila sahani mle ndani ilikuwa ya samaki. Kwao kula nyama siku ile ni dhambi, na sasa nyama imekuja na Mlutheri, nayo inanukia vizuri mno.

Jemadari mwingine angetoroka asirudi. Verlyn alilifunika sinia, akalirejesha garini, mchuzi ukamwagika kidogo kitini, kisha, sikilizeni ushujaa, akaingia tena. Akaketi penye nafasi moja iliyobaki, kando ya mjane mzee Dolores Wiederholt.

"Umelirudisha?" mjane akauliza.

"Nimelirudisha, mama. Nisamehe. Kwetu hatuna mambo haya."

"Najua. Kwenu mna kahawa tu." Akamsogezea samaki. "Umenitesa bure kwa harufu ile, bwana we. Haya, kula. Si umekuja kwa ajili ya kura?"

"Ndiyo, mama."

Alikuwa amejiandaa kuhutubia juu ya barabara na kodi. Lakini mjane alianza habari za marehemu mumewe, naye akajibu kwa habari za nguruwe wake, na viti vilipoanza kupangwa ukutani jina la Halvorson lilikuwa halijatamkwa. Akiwa njiani ndipo alipokumbuka, akalia. Nasema wazi alilia, kwa sababu aliniambia mwenyewe.

Jumanne kaunti ikaenda kwa Kuhlmann, kwa pengo lilelile la siku zote. Tillmann wakampa Halvorson sifuri. Duane alikuwa ameshakalia kiti akijaribu egemeo lake, ndipo msimamizi wa kituo cha Tillmann alipopiga simu kusema kuna karatasi moja ambayo mpiga kura hakuchagua yeyote, bali ameandika kwa mkono, kama sheria zetu zinavyoruhusu: Verlyn Stokke, yule wa nyama.

Duane akafoka kwamba huyo hata hakugombea. Kamati ikatoa hukumu kwamba kiapo kilisema kura isiyo ya Kuhlmann, na hii si yake. Duane akanyanyuka. Basi vizazi na vijue kwamba siku ile ngome ya Tillmann, isiyopata kutikiswa tangu babu zao washuke melini, ilitobolewa na mtu mmoja mwenye goti bovu.

Verlyn alimpigia simu mjane usiku uleule. "Mama, asante sana, lakini mimi sikuwa mgombea."

"Sasa," akauliza Dolores, "ulikuja kufanya nini?"