Beji ya Dhahabu na Roshani ya Ng'ambo

Jumatano, 6 Juni

Siku kuu! Bi Zenzi kapiga simu kutoka Altkirn. Yeye ndiye mwenye nyumba ya wageni tunayofikia kila kiangazi, mimi na mdogo wangu wa kike, Fritzi. Kasema mwaka huu natimiza kiangazi cha thelathini bila kukosa hata kimoja, na kijiji kimeamua kunivika beji ya dhahabu ya wageni waaminifu. Ile yenye ua la mlimani katikati! Nitavikwa mbele ya kanisa, Sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, 15 Agosti, bendi ya matarumbeta ikipiga, na meya mwenyewe ndiye atakayenivika.

Nilijibu kwa utulivu kwamba nashukuru. Nikaweka simu chini, nikaimba hadi jirani wa juu akagonga sakafu. Na agonge. Katika Vienna nzima ni wangapi wenye dhahabu ya Altkirn? Simjui hata mmoja. Marehemu Rudolf wangu alikuwa Mshauri wa Serikali, idara ya reli, na hata yeye aliishia kwenye beji ya fedha. Kwa ajili yake watu huniita Bibi Mshauri. Anayeniita Bi Ottilie tu, huyo simsikii.

Fritzi aliuliza kama na yeye aje. Swali gani hilo! Masanduku atabeba nani?

Alhamisi, 7 Juni

Wanasema furaha ya maskini haidumu. Mimi si maskini, lakini yangu nayo haikuvuka kesho yake.

Nimemkuta Edeltraud kwenye mkahawa wa keki. Ni mjane wa daktari wa meno, na hutaka aitwe Bibi Daktari, utadhani ni yeye aliyekuwa aking'oa. Naye huenda Altkirn, nyumba ileile ya Bi Zenzi, na alianza mwaka uleule nilioanza mimi. Kwa hiyo naye anavikwa dhahabu. Siku hiyohiyo! Jukwaa hilohilo!

Na kuna baya zaidi. Nyumba ya Bi Zenzi ina roshani moja tu inayotazama ziwa, na Edeltraud amekwisha kuichukua. Aliiagiza tangu mwaka jana kabla hata hajafunga sanduku, akaacha na chupa ya jamu ya aprikoti jikoni. Sasa, kila mtu anajua desturi: asubuhi ya siku ya kuvikwa, bendi huja kumwamsha mheshimiwa kwa matarumbeta chini ya dirisha lake. Yaani chini ya roshani! Yeye atasimama pale juu katikati ya maua, akipunga mkono. Mimi nitakuwa chumba cha nyuma, natazama banda la kuku.

Alinishika mkono. Akasema, "Usijali, mwenzangu, nitawapungia na kwa niaba yako." Nikaisukuma keki kando.

Dhahabu bila roshani ni nusu dhahabu. Lazima nichukue hatua.

Jumanne, 12 Juni

Hatua imechukuliwa. Nimemwendea Edeltraud nyumbani kwake, na uso wa msiba. Nikamwambia kwamba ningekuwa rafiki gani kama ningenyamaza: roshani ile ina nyigu. Kiota kikubwa kama kichwa cha mtu, chini ya mbao. Nikasema Rudolf aliwahi kuumwa hapo akavimba hadi hakuweza kuvaa kofia. (Rudolf hakuwahi kuumwa na kitu, ila roho yake itanisamehe.)

Edeltraud akapauka. Anawaogopa nyigu kama mauti. Nilirudi nyumbani kwa miguu ili nifurahi polepole.

Alhamisi, 14 Juni

Balaa! Edeltraud alimpigia simu Bi Zenzi. Bi Zenzi akamwita seremala. Seremala akapanda, nyigu hakuwaona, lakini kwa kuwa alikuwa amekwisha kupanda akabadilisha mbao zote, akapaka rangi, na Bi Zenzi akaning'iniza masanduku mapya ya maua mekundu. Inasemekana sasa ndiyo roshani nzuri kuliko zote katika bonde.

Edeltraud amenitumia chokoleti kunishukuru. Nimezila kwa hasira. Zilikuwa nzuri sana, na hilo nalo limeniudhi.

Jumanne, 19 Juni

Nimejaribu kumwelekeza Italia. Nimemsifia bahari, mchanga, wazee wenye masharubu. Nikasema kwa umri wake hewa ya milimani si nzuri kwa mapafu. Akajibu kwamba bahari humtia gesi tumboni. Akaongeza kwamba kama mapafu yangu ndiyo yana shida, niende mimi, na beji yangu ataipokea yeye aniletee.

Jeuri ya mwanamke huyu! Na ana miaka miwili zaidi yangu!

Jumanne, 3 Julai

Nimepata. Nimepata! Akili ni nywele, kila mtu ana zake, lakini mimi nina kichwa kizima.

Ng'ambo ya ziwa, mkabala na Altkirn, kuna kijiji cha Moosang. Hakuna anayekwenda Moosang. Lakini huko kuna nyumba ya wageni yenye roshani ndefu kama behewa la tramu, na kutoka pale unaiona Altkirn yote: mnara mwembamba wa kanisa, nyumba zilivyopandana kwenye mwamba, maporomoko nyuma yake. Zile picha za Altkirn zilizo kwenye kalenda zote hupigiwa pale! Ukikaa Altkirn kwenyewe, Altkirn huioni. Miaka yote hii nimelala ndani ya picha badala ya kuitazama.

Mpango ni huu. Siku ya Kupalizwa nitavuka ziwa kwa mashua, nimesimama wima, nimevaa gauni la kijani na kofia yenye unyoya. Bendi itaniona nikitokea majini. Nani atakumbuka kwamba kuna mtu alipunga mkono kwenye roshani?

Nimempigia Bi Zenzi kumwarifu kwamba chumba cha nyuma sikihitaji tena. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Kisha akasema, "Lakini Bibi Mshauri, Moosang ni Moosang." Nikamjibu kwamba nimeolewa na reli miaka mingi, jiografia naijua. Akaanza kusema jambo kuhusu beji. Nikamwambia aondoe shaka, nitaifuata mwenyewe. Maskini, sauti yake ilikuwa nzito. Ni pigo kwake kunipoteza.

Fritzi anasema ni vizuri kwanza kumuuliza meya. Fritzi ni mtu wa kuomba ruhusa hata kwa mlango kabla ya kuufungua.

Alhamisi, 2 Agosti

Tumefika Moosang. Nimejiandikisha, nimelipa kodi ya wageni, nimepewa kadi ya mgeni wa Moosang, ya kijani. Imeendana na gauni!

Roshani ni ya kifalme. Kwa darubini ya marehemu Rudolf namwona Edeltraud akinywa chai. Amekula mayai mawili. Mwaka wa ngapi huu ananiambia yeye hula moja tu!

Kasoro ndogo: jua la Moosang huzama nyuma ya mlima saa nane mchana. Tunavaa sweta. Nimemwazima Fritzi langu la kijivu.

Jumamosi, 11 Agosti

Mazoezi ya kusimama kwenye mashua. Mwenye mashua, Sepp, hana lugha. Aliniambia, "Mama, watu hukaa ili wafike." Nikamwambia wapo wanaofika na wapo wanaowasili. Akatema mate ziwani, akapiga kasia.

Nilianguka mara moja. Nilimwangukia Fritzi, kwa hiyo sikuumia.

Jumatano, 15 Agosti

Naandika nimejifunga blanketi. Ni hasira, si baridi. Baridi pia.

Kuvuka kulikuwa kuzuri mno. Nilisimama! Ziwa zima lilinitazama. Watu gatini walinyoosha vidole, mtoto akaniuliza kama mimi ni sanamu ya mtakatifu ya maandamano. Nikapita katikati ya umati kwa mwendo wa pole, Fritzi nyuma yangu na mwavuli. Bendi ikanyamaza. Meya Stadlhuber akasoma karatasi yake, akamwita Edeltraud. Akapanda, akavikwa, akalia. Machozi ya kujionyesha.

Nikarekebisha unyoya, nikasubiri jina langu. Meya akakunja karatasi.

Nilipanda hivyohivyo. Nikamnong'oneza kwamba amenisahau. Akawa mwekundu, akanivuta kando, akasema kwa heshima zote kwamba beji ni ya wageni waaminifu wa Altkirn, na mgeni wa Altkirn ni aliyelala Altkirn. Mwaka huu daftari halina usiku wetu hata mmoja, wangu wala wa Fritzi. Sisi ni wageni wa Moosang. Kiangazi kimekatika, na kikikatika, hesabu huanza upya kutoka moja.

Upya! Kutoka moja! Mimi, niliyekuja hata mwaka wa mafuriko! Niliyekuja na mguu wa plasta! Nilijisikia kama nimepigwa kofi mbele ya bendi nzima. Kusema kweli niliumia, na si kidogo.

Hapo meya akasema jambo la mzaha. Kiangazi hakijaisha. Nilale usiku mmoja tu kwa Bi Zenzi, na Jumamosi, kwenye sherehe ya wazima moto, bendi itapiga tena na yeye atanivika. Bi Zenzi akadakia kwamba chumba cha nyuma kiko wazi, shuka ni safi. Na Edeltraud, na dhahabu yake kifuani, akasema mbele ya watu wote, "Njoo ulale kwangu, mwenzangu, roshani inatutosha sote."

Inatutosha! Kunihurumia mimi! Nikasema kwa sauti ya kusikika kwamba Bibi Mshauri hahurumiwi na meno. Nikashuka jukwaani. Kwenye mashua nilikaa, kwa kuwa mawimbi yalikuwa yameongezeka.

Alhamisi, 16 Agosti

Asubuhi Fritzi kaniambia, "Dada, mtaka cha mvunguni sharti ainame." Nikamjibu kwamba mimi huagiza kitanda kinyanyuliwe.

Akanitazama sana. Kisha akasema yeye anavuka Altkirn, na huenda asirudi leo. Alikuwa na mkoba wake mdogo. Nimeelewa mara moja: anakwenda kunipigania! Atawashika miguu, atawaeleza mimi ni nani, na beji italetwa hapa kwa mashua. Nimemwambia asiwe mwepesi kukubali, na kwamba naitaka pamoja na bendi, walau matarumbeta mawili. Akanibusu shavuni, jambo ambalo hafanyi mara kwa mara.

Jumamosi, 18 Agosti

Tangu asubuhi nipo roshani, gauni la kijani, kofia, nasubiri.

Saa tisa mchana bendi ikaanza ng'ambo. Sauti huvuka maji vizuri mno, hata kikohozi cha mpiga ngoma unakisikia. Nikaweka darubini. Nikaona jukwaa, wazima moto, meya na karatasi yake. Nikaona mwanamke mdogo wa umbo, mwenye sweta la kijivu, akipandishwa jukwaani, Edeltraud amemshika mkono huku na Bi Zenzi kule. Nikasema huyo ni nani tena, na kwa nini amevaa sweta langu?

Fritzi!

Fritzi akavikwa dhahabu. Mdogo wangu! Kiangazi cha thelathini, nikamsikia meya akitangaza, kila mwaka, bila kukosa. Mimi sikuwahi kumhesabu Fritzi. Alikuwa pale na masanduku, sawa, lakini nani humhesabu mtu wa masanduku?

Picha ilionekana safi kabisa. Hakuna roshani katika bonde hili ambayo mtu angeona vizuri kuliko mimi. Niliona hata alivyofuta macho kwa mkono wa sweta. Watu wakampigia makofi marefu, marefu kuliko ya Edeltraud, na mimi nikajikuta nimesimama, napiga makofi peke yangu kivulini. Ni ya familia, hata hivyo. Na mkubwa wa familia ni mimi.

Kisha nikaingia ndani, nikalia kidogo. Ni lile jua linalozama mapema. Linaumiza macho.

Jumapili, 19 Agosti

Fritzi karudi kuchukua nguo zake zilizobaki. Beji inampendeza, lazima niseme, ingawa ameivaa chini mno. Nilimwekea sawa. Akasema mwakani atakuwa Altkirn, na Edeltraud amemkaribisha roshani. Akasema nami nije, usiku mmoja tu, dada, hata chumba cha nyuma. Nikamwambia asante, nina shughuli.

Na kweli ninayo! Mchana amekuja meya wa Moosang mwenyewe, na chupa ya asali na beji. Ya mbao, kwa kiangazi cha kwanza. Nikamuuliza ni wangapi wamewahi kufika ya dhahabu hapa. Akasugua shingo, akasema kwamba, kusema kweli, hajawahi kumwona mgeni aliyerudi mara ya pili.

Hakuna hata mmoja! Kule Altkirn wako watu wengi, wanasukumana jukwaani kama mbuzi mlangoni. Hapa nitakuwa wa kwanza, wa pekee, na bendi nzima ni yangu, wakishaiunda. Ajabu kwamba Edeltraud hakuliona hili. Hana upeo.

Nimeagiza roshani ya mwakani na ya mwaka unaofuata. Nimepiga hesabu: nikivikwa dhahabu ya Moosang nitakuwa na miaka mia moja kamili. Nimemwambia meya siku hiyo jukwaa liwe na ngazi fupi.