Binamu kutoka Gozo

Leli Zerafa alimnusa sungura kabla ya kumwona. Sungura mwenyewe alikuwa sufuriani, akichemka kwa divai nyekundu na kitunguu saumu, na harufu yake ilitoka katika nyumba moja pale Żejtun, mji mdogo wa Malta, iliyoachwa mlango wazi. Nyuma ya Leli walijikokota wageni sita wa Norwei walioshuka na meli ya watalii, wekundu kwa jua. Walikuwa wamemlipa tangu asubuhi awatembeze makanisani, kisha awalishe "chakula cha kweli cha wenyeji, kile kisichojulikana hotelini."

Makanisa aliwaonyesha, kwa kuwa kuingia ni bure. Chakula hakuwa nacho. Mpango wake ulikuwa kuwapoteza sokoni na kuingia mitini. Lakini Mungu huwafungulia milango hata matapeli, pengine ili awaone vizuri wakiingia.

Ndani meza zilikuwa zimeandaliwa na watu wamevaa nguo za kanisani. Leli akatambua mara moja: ubatizo.

"Tumefika," akawatangazia wageni. "Nyumba hii hawaingii watalii. Ila mimi ni wa ukoo."

Mlangoni akakutana na bibi mmoja mfupi, mwenye mikono ya mtu aliyekanda unga maisha yake yote. Jina lake Ċetta, na mtoto wa kubatizwa alikuwa mjukuu wake.

"Shangazi!" Leli akamkumbatia. "Hunikumbuki? Binamu yenu wa kisiwani Gozo! Nimekuja na rafiki zangu kumwombea mtoto."

Ċetta akamtazama kuanzia viatu vyeupe hadi nywele zilizopakwa mafuta.

"Wa Gozo," akasema polepole. "Umetoka huko leo?"

"Asubuhi hii hii, shangazi. Bahari shwari kama maziwa kikombeni."

"Basi karibu, mwanangu. Karibuni nyote. Kaeni, kuleni."

Wakala. Walikula sungura, wakala mkate uliosuguliwa nyanya, wakala vitumbua vya jibini vilivyochoma ndimi zao. Mgeni mmoja mrefu, Bi Solveig, alifuta machozi akasema hajawahi kupata ziara kama hii. Leli akainamisha kichwa kwa unyenyekevu wa mtakatifu aliyechorwa ukutani.

Hapo Ċetta akamshika kiwiko, akamvuta jikoni.

"Feri za Gozo hazijatoka tangu jana. Upepo," akasema. "Baba wa ubatizo wetu amekwama huko huko. Wewe uliogelea?"

Leli akautupia jicho mlango.

"Wale watatu wanaokata nyama pale ni wanangu," bibi akaendelea. "Nikipaza sauti kidogo tu, watakuja na visu vyao hivyo hivyo. Au nisipaze, na wewe umshike mtoto kanisani badala ya huyo aliyekwama. Umepata kipaimara?"

"Nimepata, shangazi."

"Basi Mungu amekuleta. Na baba wa ubatizo, kwa desturi yetu, ndiye anayenunua mkufu wa dhahabu wa mtoto. Leo hii. Sonara ni jirani yetu, nimekwisha kumwita."

Sonara akaja, fedha za Wanorwei zikaenda naye. Kisha kengele ikalia, wote wakaelekea kanisani, wageni wakipiga picha huku wakidhani hii nayo imo katika bei.

"Unamkataa Shetani?" padri akauliza.

"Namkataa," Leli akasema, mtoto mikononi.

"Na kazi zake zote?"

Leli akapepesa macho, kama mtu anayeambiwa afunge duka lake kwa mkono wake mwenyewe. Ċetta akakohoa. Wana watatu wakageuza shingo.

"Nazikataa," akasema kwa sauti ndogo, na hapo hapo mtoto akailowesha suti yake ya kitani. Wanorwei wakapiga makofi.

Bi Solveig alirudi melini na kusimulia. Alhamisi iliyofuata watu ishirini walisimama mlangoni kwa Ċetta wakiulizia "karamu ya ukoo." Ċetta hakushangaa hata kidogo, alipokea malipo yao, akawaketisha, na akamtuma mwanawe mkubwa akamlete Leli.

"Sungura huyu," Leli alimsikia akiwaambia wageni, "tunampika kwa siri aliyoachiwa bibi yangu na mtawa mmoja kipofu."

"Shangazi!" Leli akanong'ona, amebeba sahani hadi kidevuni. "Mtawa gani tena? Huo ni uongo!"

"Nyamaza, mwanangu. Huoni wanavyolia kwa furaha?"

Leli akaweka sahani chini, akajitengeneza tai.

"Sawa. Basi tuongee kikubwa. Wazo ni langu, wateja ni wangu. Fungu langu liko wapi?"

Ċetta akamchukua mjukuu wake kutoka kitandani, akamweka kifuani pa Leli.

"Fungu lako ndilo hili, baba wa ubatizo. Limelowa. Nepi ziko kabatini."