Mfumo Wangu wa Zamu za Maji

Jamani, leo nimepata aibu ya kufungia mwaka.

Huku Suji tuna ndiva, bwawa letu la kumwagilia mashamba, na kila mtu ana zamu yake. Zamu hukaa kwenye daftari la katibu, Mzee Mbwambo. Mimi, msomi wa kompyuta, nikajitolea kuunda mfumo. Kila nyumba ikadai isichanganywe na jirani. Nikakubali: kila shamba jedwali lake, kila msimu majedwali mapya. Yamefika elfu sita! (Najua. Tulieni.)

Mfumo ukawa mzito. Wiki nzima nimeubembeleza: nimeongeza memori, nimebadili mipangilio, nimefuta takataka. Jana nikaiambia kamati, "Umepona. Zamu mpya msimtangazie mtu, kesho mfumo utasema."

Leo saa moja asubuhi tuko ndivani. Mama yangu naye yupo, jembe begani. Maharage yake yameanza kunyauka. Nikafungua kompyuta, nikabonyeza: zamu ya kwanza ni ya nani?

Kimya. Kiduara kinazunguka tu.

"Nifungue daftari?" Mzee Mbwambo akauliza.

"Hapana mzee, inatafuta."

"Mwanangu," mama akasema, "jua linapanda."

"Mama, vuta subira!"

Saa mbili. Saa mbili na nusu. Nikachungulia ndani, maana nilitaka sana kujua inafanya nini. Lo! Inafungua majedwali yote elfu sita, moja moja, hata ya misimu iliyopita, inauliza kila shamba, "Leo ni zamu yako?" (Aliyeifundisha hivyo ni mimi.)

"Mzee, kwani wewe unatafutaje?"

Akageuza daftari. Ndani ya jalada la nyuma ameorodhesha siku, na kando ya kila siku namba ya ukurasa. Faharasa! Kitu nilichosomea chuoni, mzee amekiandika kwa penseli. Kidole chake kikawa kinaitafuta leo, nikamshika mkono. "Ngoja kwanza, ulianza lini kufanya hivi?"

"Kurasa zilipozidi ishirini," akasema.

Hapo kompyuta ikalia. Saa tatu kasoro dakika mbili. Nikasoma kwa sauti, kifua mbele: "Zamu ya kwanza, saa moja hadi saa tatu..."

Jina la mama yangu.

Na sheria ya ndiva mnaijua: zamu ikipita, imepita, mpaka mzunguko mwingine. Mama alibeba jembe akashuka.

Naombeni msicheke. Niko jikoni nimeuliza chakula, na mama amejibu kwamba bado anatafuta sahani yangu.