Kisiki cha Mparachichi na Ndoo Mbili za Maji

Ndugu Mhariri wa ukurasa wa bustani,

Natumaini hamjambo hapo ofisini. Mimi sijambo kidogo tu. Nilikuwa karani wa masjala kwa miaka thelathini na moja, na hakuna jalada lililopotea mkononi mwangu. Nasema hivyo ujue siandiki kwa pupa.

Miezi mitano iliyopita, mke wangu akiwa kwa dada yake, niliukata mparachichi wa uani. Majani yake yalikuwa yanaziba mifereji ya paa, na nyanya zangu hazikuwa zinaona jua. Nakiri kwamba mti huo aliuotesha yeye, kutoka kokwa aliloliweka kwenye glasi ya maji dirishani wiki tuliyohamia. Nakiri pia kwamba sikumuuliza. Aliporudi alikitazama kisiki, akaingia ndani, na tangu siku hiyo hajanisemesha. Husema na paka: "Mwambie huyo chakula kiko mezani." Paka naye hajawahi kufikisha ujumbe hata mmoja.

Nilijua nimelikoroga. Nikaona kwamba kisiki kikitoweka, hasira nazo zitatoweka. Ndipo nikasoma ushauri wenu: toboa mashimo, jaza samadi, funika kwa gunia, mwagia maji kila siku, kitaoza chenyewe. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mlisema miezi mitatu. Huu ni wa tano. Kilichooza ni gunia.

2. Mchwa walikuja kama mlivyoahidi, wakaonja kisiki, wakakisusa. Wakahamia kwenye fremu ya mlango, kisha kabati, kisha jalada la vyeti vyangu. Cheti cha utumishi uliotukuka wamekila chote wakabakisha muhuri. Sijui ulikuwa mchungu.

3. Mwenyekiti wa mtaa alikuja kuhusu harufu. Mke wangu alikuwa na mazungumzo na paka, kwa hiyo hakuna aliyemkaribisha kiti, naye akajikalia juu ya gunia. Kikao kiliahirishwa. Mheshimiwa aliondoka kinyumenyume hadi getini.

4. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kila asubuhi nilipopeleka ndoo yangu nilikuta kisiki kimekwisha loweshwa. Nikajua mke wangu ananisaidia kukiozesha, moyo ukatulia. Juzi, nikitafuta sukari, nikakuta ukurasa wenu umekunjwa ndani ya kopo. Ni toleo la wiki iliyofuata ile yangu: jinsi ya kufufua mti uliokatwa. Samadi, gunia, maji kila siku. Mhariri, dawa ya kuua na dawa ya kufufua mmeandika moja! Miezi mitano mimi nazika na yeye anafufua, kwa ndoo zilezile, na akiniona na maji anadhani ninatubu.

Kwa hiyo naomba, kwanza, mkanushe ushauri mmoja. Wowote, mimi sichagui. Pili, uje wewe mwenyewe, usitume msaidizi, uking'oe kisiki hiki kwa mikono yako kabla hakijaamua kimsikilize nani. Jembe na shoka vipo. Ukishindwa, utakaa uani umweleze mke wangu, kupitia kwa paka, kwamba kosa ni la gazeti.

Nisalimie wapiga chapa, mchora katuni, na yule wa utabiri wa nyota aliyeniandikia kwamba mwaka huu nitavuna nisichopanda. Mwambie nyanya zimekufa.

Wako katika uchungu wa kilimo,
Karani mstaafu wa masjala

Tanbihi: Bahasha ilikuwa bado wazi nilipopeleka ndoo ya leo. Kisiki kimechipua. Majani mawili mekundumekundu, madogo kuliko ukucha. Mke wangu alikuwa amepiga magoti pembeni yake, na safari hii hakumtafuta paka. Alisema, "Mzee, lete maji." Nililia, mtu mzima mimi, nikasingizia samadi. Nikaleta ndoo mbili.

Basi usije. Shoka nimempa jirani. Barua naituma tu kwa sababu karani hachani kitu alichokwisha kukipa namba. Niandikie namna ya kumzuia mbuzi wa mwenyekiti asile machipukizi, na haya mengine tafadhali usiyachapishe. Ukurasa wenu mke wangu siku hizi anausoma kila wiki, na bado anaamini nilikuwa natubu tangu ndoo ya kwanza.