Daraja la Tambi na Meza ya Loretta

Jumatano, 11 Februari
Daraja limekamilika! Tambi kavu na gundi tu, urefu mita moja, matao mawili. Loretta, mke wangu, hakunipongeza. Kasema huu ni mwezi wa pili tunakula sahani mapajani kwa sababu meza imegeuzwa karakana. Nikishindwa tena kwenye mashindano ya madaraja ya tambi Jumamosi, meza inarudi kwake. Nikamwambia asijisumbue kununua kitambaa cha meza. Mwaka huu Bi Thora atanikoma!

Alhamisi, 12 Februari
Balaa! Nimelipima. Gramu 1,040, na mwisho unaoruhusiwa ni kilo moja. Gundi niliimwaga kama uji. Nimekwenda kwa jirani yetu Bi Thora, eti naazima sukari, nichungulie lake. Ana miaka sabini na mmoja, kashinda mara tatu mfululizo. Kalifunika shuka. Kanipa sukari, kisha akasema tambi hazikai kwenye kopo la sukari, niache kukodoa macho. Mchokozi huyu!

Ijumaa, 13 Februari
Nimepata! Tambi zina unyevu, na unyevu una uzito. Daraja limeshinda juu ya tundu la hewa ya moto, lile la kupashia nyumba joto, pale sebuleni. Jioni: gramu 996! Loretta kauliza kama tambi hazitadhurika. Nikacheka. Akili hizi nazipeleka wapi?

Jumamosi, 14 Februari
Nje baridi ya kukata masikio. Ndani ya ukumbi, masufuria ya supu yanafuka mvuke. Mizani: nimepita! Nikawapungia watu mkono. Kisha nikasikia: ta... ta... Tambi zangu zilizokaushwa zikinyonya mvuke na kupasuka. Bi Thora akatega sikio.

“Wendell mwanangu, daraja lako linakohoa. Lifunge skafu.”

Ukumbi mzima hoi kwa kicheko. Ndoo ikatundikwa, mchanga ukamiminwa. Kilo nne, chali! La Bi Thora likabeba themanini na tatu. Nimeumia, sifichi. Loretta akanishika bega.

“Pole, Baba Kirsten. Meza.”

Jumapili, 15 Februari
Tumekula mezani, sote watatu. Nyama ya kuoka, viazi, mchuzi mzito. Kirsten kaniigiza nikipungia watu mkono. Nimecheka mpaka machozi. Binti ana kipaji, na mimi sikujua! Moyo wangu kwatu. Nimemwahidi Loretta: daraja halitagusa meza hii tena.

Nimepima ubao wa kupigia pasi. Mita moja na robo. Hakuna aliyesema lolote kuhusu ubao wa pasi.