Nilivyomtangulia Shemeji Tamashani

Jumanne, 30 Juni
Toruń. Binti yangu Jagoda ataimba na bendi yake Ijumaa kwenye tamasha kubwa la Gdynia! Jukwaa dogo, karibu na vyoo, lakini tamasha ni tamasha. Shemeji Gerwazy kaja na kutangaza kuwa yeye atakuwa mstari wa mbele kabisa, kwa kuwa ndiye aliyemnunulia mtoto gitaa la kwanza. Kidomodomo! Mke wangu Halszka kasema twende sote kwa gari la kaka yake huyo. Nimekataa. Nikifika naye, atanipiga kiwiko anipite. Nitatangulia kwa treni, na hema langu begani. Halszka kaniuliza kama njia naijua. Swali gani hilo?

Alhamisi, 2 Julai
Gdynia. Nje ya stesheni, foleni ya mabasi ya tamasha imejikunja kama chatu. Nisimame humo? Mimi? Nikaona vijana wenye mahema na gitaa wanashuka kuelekea bandarini. Nikasema moyoni, hawa wanajua njia ya panya. Wakapanda boti, nami nikapanda. Nilimuuliza msichana mmoja kama wanaenda kwenye muziki. "Eeh, mzee wangu, muziki mpaka uchoke mwenyewe!"

Boti ilikwenda. Ikaendelea kwenda. Gdynia ikawa ndogo, kisha ndogo zaidi. Nikadhani tunazunguka kukwepa foleni.

Tumefika. Misonobari, mchanga, mahema tele, jukwaa la mbao. Hema langu nimelipiga mbele ya jukwaa kabisa. Ajabu, hakuna aliyenizuia. Gerwazy, utanitambua!

Ijumaa, 3 Julai
Nimekaa mbele tangu asubuhi. Walianza wazima moto na matarumbeta yao. Nikapiga makofi, matamasha ya siku hizi huchanganya kila kitu. Ikafuata kwaya ya padri. Hapo kichwa kikaanza kuniwanga. Nikamuuliza mama aliyekaa kando yangu, mwenye ndoo ya samaki, Jagoda anapanda saa ngapi. Akashangaa. Jagoda yupi tena? Leo ni sikukuu ya samaki!

Simu ikalia. Gerwazy. "Shemeji, uko wapi? Nimekushikia nafasi hapa mbele!"

Nikamjibu kuwa na mimi niko mbele.

"Mbona sikuoni? Nyoosha mkono!"

Nikanyoosha yote miwili. Mshereheshaji akapiga kelele kwamba mshindani wa mwisho amepatikana, akanivuta jukwaani. Mashindano ya kula samaki wa chumvi na vitunguu! Nikampigia kelele mama wa ndoo: hapa ni wapi? "Hel, baba! Mwisho wa rasi, bahari kushoto, bahari kulia! Gdynia ile kule!" Akanyoosha kidole ng'ambo ya ghuba.

Nikamweleza Gerwazy. Nilingoja acheke. Hakucheka. Aliniambia ninyamaze, mtoto anapanda, akainua simu yake juu.

Nikamsikia. Sauti ya Jagoda ilikatwa na upepo, ikarudi, ikapotea tena. Maneno sikuyashika. Lakini alikuwa yeye. Nikalia mbele ya halaiki, mkia wa samaki mdomoni. Watu walidhani ni vitunguu.

Mashindanoni nimekuwa wa mwisho.

Jumamosi, 4 Julai
Nimerudi Gdynia kwa boti. Wote walinisubiri bandarini. Halszka alinikung'uta mchanga kama zulia. Gerwazy alisema mengi. Jagoda kanikumbatia, kaniambia nanuka. Mpiga ngoma wake kauliza kama mimi ndiye yule baba aliyepotea. "Kupotea wapi? Baba amenisikiliza kutoka ng'ambo ya bahari. Wako amefanya hivyo?" Nikamtazama Gerwazy. Akajifanya anahesabu shakwe. Nilitaka kumshukuru kwa ile simu. Nikampa hema anibebee.

Jumapili, 5 Julai
Mvua. Halszka na Gerwazy wamenisihi nirudi nao garini. Nimekataa, nani atavumilia kuchekwa hadi Toruń? Nimekuja stesheni. Treni yangu imefurika, watu wamesimama hadi mlangoni. Na upande wa pili wa reli kuna nyingine, tupu! Binadamu ni kondoo, kweli. Nimehamia huko. Bibi mmoja kaniuliza kama nina hakika na ninakokwenda. Nikamwambia mimi msafiri mzoefu.

Tumeondoka. Benchi zima ni langu. Kushoto naona bahari. Kulia, bahari pia. Toruń haina bahari hata moja.

Ila miguu nimeinyoosha, raha mustarehe.